Goti la Namba Saba: Winga wa Pujini aliyeambiwa "kaza" mpaka ndoto ikakatika

Kuna sauti moja ambayo huyu jamaa hajaisahau mpaka leo. Ilikuwa "tap!", kama kijiti kikavu kimevunjwa gizani. Ilitoka ndani ya goti lake la kulia, mwaka 2019, kwenye kiwanja cha mtaani Pujini, kisiwani Pemba, dakika chache kabla ya mapumziko. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa anageuka tu na mpira, kama alivyogeuka mara elfu kabla ya siku ile. Alikuwa na miaka 18.

Jina lake liwekwe pembeni, maana mwenyewe hapendi makuu na mama yake bado anaishi pale pale kijijini. Mtaani walimwita kwa namba ya jezi, Saba. Na hapa abaki hivyo hivyo, Saba.

Kwa wasiopajua, Pujini ipo Wilaya ya Chake Chake, upande wa mashariki wa Pemba, si mbali na uwanja wa ndege. Wageni wachache wanaofika huko huwa wanakwenda kuangalia magofu ya Mkamandume, ngome ya zamani ya karne ya 15. Wazee wanasimulia kwamba mtawala huyo alikuwa mkali kupita kiasi, akiwabebesha watu mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Jina lenyewe linajieleza: anayekama madume, kama wewe unavyokama ng'ombe. Kuna na kisima chenye ukuta katikati, ambacho inasemwa alikijenga ili wake zake wawili wasionane wakienda kuteka maji. Watoto wa Pujini wanakua na stori hizo. Saba naye alizicheka kama wenzake. Baadaye sana ndipo hilo jina la Mkamandume likamrudia kichwani, na safari hii hakucheka.

Tukio lenyewe lisieleweke vibaya. Pemba ya wakati ule haikuwa kisiwa cha vijana wasiojua wanataka nini. Desemba 2017 Zanzibar Heroes walifika fainali ya Chalenji kule Kenya, wakatoka sare ya 2-2 na wenyeji Harambee Stars, wakafungwa kwa penalti. Walipoteza kombe lakini vijana wa visiwani walilala wakiwa wamevimba vichwa. Mwaka uliofuata Feisal Salum, yaani Fei Toto, akatoka JKU ya Unguja akaenda zake Yanga. Ndoto ikawa na sura, ina jina na ina picha Instagram. Kila dogo aliyekuwa na mguu wa kushoto mzuri alijiona yeye ndiye anayefuata.

Saba alikuwa na miguu yote miwili. Waliomwona akicheza wanasema alikuwa na kitu kimoja ambacho hakifundishwi. Alikuwa anasimama. Beki anamfuata mbio, yeye anasimama ghafla, beki anapita kama daladala iliyokatika breki, halafu yeye anageuka ndani kupiga krosi. Kusimama na kugeuka, ndiyo ilikuwa mtaji wake. Na kusimama na kugeuka ndiyo kazi ambayo goti huifanya kwa tabu kuliko zote.

Skuli alimaliza kidato cha nne akiwa na matokeo ya kusikitisha. Hakuhangaika. Alikuwa na mpango mmoja tu. Mama yake, anayeishi kwa karafuu na kilimo kidogo cha muhogo, alimuuliza siku moja, "Mwanangu, na huo mpira usipokuwa?" Akamjibu, "Mama, utakuwa." Yakaishia hapo.

Sasa turudi kwenye ile "tap".

Siku ile goti lilivimba kabla ya magharibi. Lilikuwa kubwa kama nazi. Kwa kawaida goti likivimba ndani ya saa chache baada ya kuumia, na mtu alisikia mlio, hapo kuna jambo zito ndani. Daktari yeyote wa mifupa atakwambia hivyo. Ila pale uwanjani hakukuwa na daktari. Kulikuwa na chupa ya maji, kitambaa, na watu ishirini wenye ushauri.

Na kulikuwa na habari nyingine, ambayo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Baada ya siku kumi, wakala mmoja kutoka Dar es Salaam alikuwa anakuja Chake Chake kuangalia vijana. Jina la Saba lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

"Yakhe, kaza. Siku kumi nyingi hizo," kocha alimwambia. Wala hakuwa na nia mbaya. Yeye mwenyewe alipoumia enzi zake aliambiwa vile vile.

Basi zikaanza siku kumi za kukaza. Asubuhi anakandwa kwa maji moto. Jioni anakuja mzee mmoja fundi wa kuchua, anamsugua kwa mafuta ya makonyo, yale ya Pemba yanayokamuliwa kwenye vikonyo vya karafuu, mpaka nyumba nzima inanukia kama ghala. Yale mafuta yanapasha moto kweli, na maumivu yakapungua. Siku ya sita uvimbe ukashuka. Siku ya nane akatembea bila kuchechemea. Siku ya tisa akakimbia kutoka kwao mpaka njia ya magofu na kurudi, mstari ulionyooka, na goti likatulia. Akaweka status: picha ya viatu vya mpira na maneno mawili tu, "Nipo tayari."

Hapa ndipo kwenye mtego ambao kila kijana anayecheza mpira anatakiwa aujue. Goti lililokatika ligamenti ya ndani, ule mkanda mgumu unaofunga mfupa wa paja na wa muundi usipishane, linaweza kabisa kutembea. Linaweza hata kukimbia kwa kunyoosha. Maumivu yanapoa, uvimbe unashuka, na mwenyewe anajiona amepona. Linakusaliti siku utakayosimama ghafla na kugeuka. Na Saba bila kusimama na kugeuka hakuwa na cha kumuonyesha wakala.

Siku ya kumi alifungwa bandeji, akachomwa sindano ya maumivu na mtu mmoja ambaye si lazima atajwe, akaingia uwanjani. Dakika ya kwanza mpaka ya kumi na tisa alikuwa moto. Wakala aliandika kitu kwenye simu yake, watu walimwona. Dakika ya ishirini beki akaja, Saba akasimama, akageuka. Mguu ulibaki chini ukitazama mbele, yeye juu akawa ameshageuka.

Safari hii hakusikia mlio. Alisikia kelele zake mwenyewe.

Kesho yake wakala alipanda boti pale Mkoani na vijana wengine wawili. Kwa wiki mbili simu ya Saba ilikuwa na ujumbe mwingi wa pole. Wiki ya tatu ukapungua. Mwezi wa pili, group la WhatsApp la timu likabadilisha picha, jezi namba saba amevaa mtu mwingine. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Mpira uliendelea tu, na yeye akawa hayumo.

Msimu wa karafuu ulipofika, vijana wa rika lake walikuwa juu ya mikarafuu. Kazi ile inataka magoti mawili mazima, maana mkarafuu ni mrefu na matawi yake hayana huruma. Saba akawa anakaa chini kwenye jamvi na kina mama na watoto, anachambua karafuu na vikonyo. Wenzake wakimtania kutoka juu ya mti, "Winga! Umehamia beki?" Anacheka. Usiku hali.

Mama yake alikuwa akimsikia akitembea uani saa nane za usiku, hatua moja nzito, moja nyepesi. Kuna usiku alitoka akamkuta amekaa kwenye kizingiti ameishika jezi. Hakumwambia chochote cha mpira. Alimwambia, "Njoo ule, wali umebaki." Wakala ukoko pamoja mpaka alfajiri. Saba husema ule wali ndio uliomtoa kwenye jambo baya alilokuwa analifikiria, na akifika hapo huwa haendelei.

Fedha za kipimo cha MRI zilitoka kwenye karafuu za msimu ule na kwa kaka yake mkubwa aliyekuwa Muscat akiendesha gari. Akavushwa mpaka Dar es Salaam. Daktari aliyemsomea majibu hakumficha. Ligamenti ya mbele ya goti imekatika. Na gegedu, ule mto laini unaokaa kati ya mifupa, umechanika vibaya. Saba akauliza swali moja tu: vyote viliharibika siku moja?

Daktari akamuuliza siku zilivyokwenda. Akasimuliwa: tap, siku kumi, bandeji, sindano, dakika ya ishirini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hawezi kula kiapo, ila kwa anavyoona, siku ya kwanza ilikata ligamenti, na gegedu lilichanwa na ile ya pili. Ligamenti peke yake watu wanafanyiwa upasuaji, wanafanya mazoezi miezi tisa au zaidi, na wengi wanarudi kucheza. Gegedu likishakwenda, goti linazeeka kabla ya mwenye goti.

Kwa hiyo kilichomtoa Saba kwenye mpira hakikuwa bahati mbaya peke yake. Bahati mbaya ilichukua nusu. Nusu nyingine ilichukuliwa na zile siku kumi.

Ni hapo, ndani ya boti akirudi Pemba, ndipo alipoukumbuka Mkamandume. Akajiona na wenzake wote wa kijijini, wamebeba mawe vichwani, wanajikokota, na kila mmoja anamwambia mwenzake kaza.

Mitandaoni stori za majeruhi huwa zinasimuliwa kwa namna moja: jamaa kaumia, kalia, kapambana, karudi, kapiga bao. Zipo za namna hiyo na ni za kweli. Shomari Kapombe aliumia vibaya mguu Novemba 2018 akiwa kambini Afrika Kusini na Taifa Stars iliyokuwa ikijiandaa kucheza na Lesotho. Alikaa nje miezi mingi, na akarudi kuwa Kapombe yule yule wa kulia pale Simba. Heshima kwake. Lakini Kapombe alikuwa na klabu kubwa na timu ya taifa nyuma yake. Dogo wa kiwanja cha mtaani ana mama, kaka wa Muscat na jamvi la karafuu.

Zipo nyingine ambazo hazisimuliwi sana, za watu ambao hawakurudi kucheza kabisa. Julian Nagelsmann alikuwa beki wa timu za vijana Ujerumani. Goti likamuumbua, akaacha kucheza akiwa na miaka 20, yupo timu ya pili ya Augsburg. Kocha wake pale alikuwa Thomas Tuchel, ambaye naye goti lilimstaafisha akiwa na miaka 25, akawa anafanya kazi ya baa Stuttgart huku akisoma. Tuchel hakumwambia Nagelsmann "pole, kaza". Alimpa kazi: nenda kawaangalie wapinzani wetu, uniletee ripoti. Februari 2016 yule kijana akakabidhiwa Hoffenheim akiwa na miaka 28, na tangu 2023 ndiye kocha wa timu ya taifa ya Ujerumani. Tuchel naye alichukua Ligi ya Mabingwa na Chelsea mwaka 2021 na sasa anainoa England. Makocha wawili wa mataifa makubwa, na wote wawili walisukumwa huko na magoti mabovu.

Na kwa wapenzi wa muziki, Julio Iglesias alikuwa kipa wa vijana Real Madrid. Ajali ya gari mwaka 1963 ikamlaza kitandani muda mrefu. Akiwa huko akapewa gitaa na muuguzi ili achezeshe vidole. Yaliyofuata bibi zetu wanayajua.

Ukiziangalia kwa makini hizo stori, kila moja ina mtu wa pembeni. Tuchel ana kazi mkononi, muuguzi ana gitaa. Aliyeumia hakuamka tu asubuhi na njia mpya kichwani. Kuna mtu alimpa kitu cha kufanya wakati bado analia.

Kwa Saba mtu huyo alikuwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo, kwenye hospitali aliyokuwa akienda kila wiki baada ya upasuaji mdogo wa kusafisha lile gegedu. Mama mkali, hataki kuchekewa. Wiki ya kwanza alimpa mazoezi sita na daftari. "Kila siku uandike. Umefanya mara ngapi, limeuma wapi, umelala vipi." Saba akaandika. Wiki ya nne yule mama akasoma daftari kurasa zote, akavua miwani.

"Weye, nani kakufundisha kuandika hivi?"

"Hakuna, mama."

"Umechora mpaka goti lenyewe. Skuli ulifika wapi?"

Akamwambia. Matokeo nayo akamwambia, kwa aibu. Yule mama akasema, "Basi rudia. Fizikia, kemia na bayolojia. Mazoezi yako ya goti umeyafanya mia mbili kwa siku, kitabu kitakushinda?"

Mwaka 2020, mwaka ule wa korona ambapo hata ligi zilisimama, Saba alirudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alikuwa anasoma kwa tochi ya simu, kiti cha pili kimebeba mguu. Vijana wa maskani walimwita "Profesa Goti". Matokeo yalipotoka yalikuwa ya kutosha, si zaidi. Mwaka 2021 akapanda boti, akapanda basi, akafika Moshi kusomea stashahada ya fiziotherapia, chini ya mlima ambao hajawahi kuuona hata kwenye ndoto zake za mpira. Miaka mitatu. Kaka wa Muscat alituma, mama aliuza, na kuna mihula alikula ugali na chumvi. Somo la goti walipofika, mwalimu aliuliza nani anaweza kueleza dalili za ligamenti ya mbele kukatika. Darasa zima likanyamaza. Saba akanyoosha mkono, akaeleza dakika kumi bila kuangalia daftari.

Alirudi Pemba mwishoni mwa 2024. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi likachezwa Gombani, Chake Chake, kwa timu za taifa, na fainali Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1. Pemba ililia kwa furaha. Saba alikuwa jukwaani na mama yake, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja maisha yake yote. Bao lilipoingia aliruka kwa mguu mmoja. Mama akamwangalia yeye badala ya kuangalia uwanja, akamuuliza, "Inakuuma bado?" Hakuuliza kuhusu goti. Saba akasema, "Kidogo."

Siku hizi mchana ana kibarua chake cha tiba, jioni anakwenda kiwanjani Pujini na dumu la barafu, ile ya kuhifadhia samaki, na mkoba wa bandeji. Halipwi. Ameifundisha timu yote yale mazoezi ya kujikinga na majeraha ya FIFA 11+, dakika ishirini kabla ya kuanza: kukimbia, kuchuchumaa, kuruka na kutua bila goti kuingia ndani. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha timu zinazoyafanya kila wiki majeraha hupungua sana. Hayahitaji vifaa wala hela. Mwanzo madogo walimcheka, wakayaita taarabu. Sasa wanayafanya wenyewe hata asipokuwepo.

Ungedhani stori inaishia hapo, kila mtu afurahi. Haikuishia.

Mwaka huo huo ilifika fainali ya kombe la mtaa. Timu ya Pujini ina dogo wa miaka 17, winga, jezi namba saba. Ndiyo, saba. Na kuna wakala, mwingine, kavuka maji kuja kumwona yeye. Siku moja kabla ya fainali, mazoezini, dogo akatua vibaya. Goti likavimba. Asubuhi ya mechi akaja anatembea, anatabasamu, amefunga bandeji mwenyewe.

"Braza, niko poa. Nichome tu sindano."

Saba akamlaza chini, akalishika goti, akalivuta mbele, akalizungusha. Akaona lina kitu. Ni kiasi gani, kwa mkono peke yake hakuweza kujua. Akasimama, akamwambia kocha, "Huyu hachezi."

Kocha ni yule yule. Akamwangalia muda mrefu. Saba akarudia, "Hachezi, maalim." Yule mzee akainama, akaandika jina lingine kwenye karatasi.

Kilichofuata hakikuwa kizuri. Mashabiki walipoona namba saba yupo benchi walianza taratibu, halafu wakapandisha. "Wivu huo!" "Weye ulishindwa, unamzuilia mwenzio!" Baba wa dogo alivuka mstari akamshika Saba shati, akamwambia maneno ambayo ni vigumu kuyaandika hapa. Ya mwisho yalikuwa haya: "Kwa kuwa wako ulikufa, na wake ufe?" Saba hakujibu. Alikuwa amemuwekea dogo barafu gotini, na dogo analia, amegeuza uso upande wa pili.

Pujini walifungwa 1-0. Wakala alipanda boti.

Wiki mbili baadaye vipimo vikatoka: ligamenti ya pembeni ilikuwa imevutika, haijakatika. Wiki sita za kupumzika na mazoezi, basi. Hapo mtaa ukagawanyika. Kuna wanaosema unaona, dogo angeweza kucheza tu, kanyimwa maisha kwa jambo dogo. Kuna wanaosema haijakatika kwa sababu hakucheza. Wote wanaongea kwa uhakika. Saba peke yake ndiye asiye na uhakika. Usiku mwingine anajiuliza kama alilipima goti la dogo au alilipima la kwake la mwaka 2019. Anachokijua ni kwamba asubuhi ile hakuwa na mashine, alikuwa na mikono miwili na kumbukumbu, na kwamba yeye mwenyewe akiwa na miaka 18 angemchukia hadi kufa mtu yeyote ambaye angemwambia "huchezi". Na angekuwa anacheza mpaka leo.

Dogo hakumsalimia kwa mwezi mzima. Kisha asubuhi moja Saba anapita njia ya magofu kwenda kazini akamkuta peke yake chini ya mti, anafanya yale mazoezi: anachuchumaa, anaruka, anatua. Goti la kulia lilikuwa linaingia ndani kidogo kila anapotua. Saba akasimama.

"Nje kidogo. Liangalie kidole cha pili cha mguu."

Dogo hakumtazama. Akaruka tena. Safari hii akatua vizuri. Akaruka tena, akatua vizuri. Saba akaendelea na safari yake, hatua moja nzito, moja nyepesi.

Wakala bado hajarudi. Labda atarudi, labda hatorudi. Dogo ana miaka 17, magoti mawili, na mwaka huu mama yake amemsajili tena skuli, asome jioni acheze asubuhi. Inasemekana wazo hilo hakulitoa Saba. Lilitoka kwa mama mmoja jirani, muuza karafuu, aliyekwenda kupiga hodi mwenyewe usiku ule wa fainali, akakaa na mwenzake barazani mpaka saa sita.

Haya, wewe ungekuwa Saba asubuhi ile, wakala yupo, goti limevimba, huna mashine na mtaa mzima unakuangalia: ungemwacha dogo acheze?